Kabla ya Kuwasha Jenereta Matangani

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, na tena mwishoni mwa mwaka, machifu wa Bungoma na Trans Nzoia huitisha baraza na kutangaza kwamba disko matanga ni marufuku. Watu hupiga makofi. Wiki haijaisha, spika zinasikika kutoka ng'ambo ya mto, na alfajiri wasichana wa gredi ya nane wanarudi makwao wamebeba viatu mkononi. Tangazo hilo limetolewa miaka nenda miaka rudi, Kakamega na Busia vilevile, na kule Pwani Kilifi nako, na disko halijafa. Naamini linaendelea kwa sababu tunalishughulikia kama suala la tabia mbaya tu, ilhali chanzo chake ni pesa. Familia iliyofiwa Chwele au Kiminini ina maiti mochari, bili inapanda kila kukicha, na kijana mwenye spika amebisha hodi hata kabla ya ndugu wa Nairobi kupiga simu. Anasema, nipeni uwanja, mimi nitawachangishia. Nani atamfukuza, na akimfukuza atanunua jeneza na nini?

Kwa hiyo nianze na wale watakaoketi katika kamati ya mazishi. Wazazi, wasichana na wavulana nitawafikia.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe, maana wapo wanaodhani disko matanga ni vijana wanacheza muziki tu. Mkesha unaanza vizuri, kwa nyimbo za dini na maombi. Akina mama wa kanisa wakichoka, mnamo saa tatu usiku, dijei anaachiwa uwanja. Katikati kuna meza, juu yake beseni na daftari la shule, na nyuma yake mtu mwenye maikrofoni. Mmoja anatupa shilingi 20 ndani ya beseni: huyu dada acheze na mimi. Msichana anasukumwa katikati. Mwingine anatoa 30 ili amwache yule acheze naye. Wa tatu anatoa 50 ili arudi kwa wa kwanza, kwa mzaha tu. Kila bei inatangazwa kwa sauti na watu wanashangilia. Msichana mwenyewe haulizwi. Akikataa anaambiwa anamdharau marehemu, kwamba hataki azikwe. Mara nyingi ana miaka 13 au 14 na amekuja kuosha vyombo kwa sababu aliyefariki ni shangazi yake. Mwanamume aliyetoa pesa nyingi anahesabu kwamba amenunua kitu na anadai. Uwanja una balbu mbili, na mwezi wa Agosti mahindi ya Trans Nzoia yamempita mtu kimo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo kamati hudanganywa. Chukua mfano wa usiku uliofana, beseni limepata shilingi 6,000. Dijei anachukua sehemu yake kwanza, tuseme nusu. Ondoa petroli ya jenereta. Ondoa ya mshika maikrofoni na ya vijana wawili wa kulinda spika. Ondoa chai, sukari na unga wa hao waliokuja kucheza, kwa kuwa nao wanakula kwa mwenye msiba. Pengine zimebaki 1,000, na mochari imeongeza siku nyingine kwenye bili kwa sababu kamati iliamua kusubiri usiku wa Ijumaa ambao watu huwa wengi. Ukitaka kuamini, omba lile daftari asubuhi, keti na kalamu, ujumlishe mwenyewe mbele ya wazee. Nakuhakikishia hakuna hotuba ya chifu itakayowageuza wazee kama hesabu hiyo.

Ukiwa mwenye msiba, amua tarehe ya mazishi jioni ileile ya kwanza. Hili peke yake linaokoa pesa kuliko harambee. Waislamu wa Bungoma na Kitale humzika mtu wao siku hiyohiyo au kesho yake, na hakuna anayesema hawakumpenda. Sisi wengine tumejizoesha kungoja Jumamosi ya wiki ya pili, wa Nairobi wapate ruhusa, wa Mombasa apate nauli, picha ikachapishwe kwenye fulana. Kila siku ya kungoja ina bili ya mochari, sufuria ya maharagwe na usiku mmoja wa giza. Siku tatu au nne zinatosha. Atakayechelewa atafika kuona kaburi na kuwapa pole wafiwa, na dunia haitaanguka.

Halafu andikeni bajeti yenye vitu vitano: mochari, jeneza, gari, kaburi, chakula cha siku ya mazishi. Fulana, maua ya plastiki, mpiga video na hema la pili vingoje mtu atakayejitolea kuvilipia mwenyewe. Najua mzee aliyezaa na kujukuu hachinjiwi kuku, na kwa Wabukusu ng'ombe wa mazishi ana maana yake. Sina neno na hilo. Ila ng'ombe huyo huwa wa ukoo, na ukoo unajua zizi gani lina ng'ombe. Hahitaji dijei. Jeneza nalo, fundi wa kijijini akipewa mbao atalitengeneza kwa siku moja, na litakaa ardhini sawasawa na lile lenye vioo.

Mchango ufanywe mchana. Saa nane hadi saa kumi na moja jioni, watu wakionana usoni, mweka hazina mmoja na shahidi mmoja, namba moja ya M-Pesa iliyotangazwa kanisani na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Waghana, ambao kwa gharama za mazishi wanatushinda mbali, wana desturi moja ya kuiga: anayetoa pesa matangani huandikiwa risiti na jina lake husomwa kwa sauti pamoja na kiasi alichotoa. Mtu hutoa zaidi akijua jina lake litasomwa, na mweka hazina huiba kidogo akijua hivyohivyo. Jioni ya pili somea watu orodha: zimeingia ngapi, zimebaki ngapi kufika. Mara nyingi pengo likitajwa waziwazi huzibwa na watu wawili watatu waliokuwa wamekaa kimya wakidhani mambo yako sawa.

Lakini dawa yenyewe hutengenezwa kabla mtu hajafa. Waethiopia wana chama cha mtaa kinachoitwa iddir: kila nyumba hutoa kiasi kidogo kila mwezi, chama kina hema lake, benchi zake na sufuria zake, na mtu akifiwa vitu vinaletwa mlangoni pamoja na pesa. Afrika Kusini nako vyama vya kuzikana ni vingi mno. Huku kwetu vikundi vya akina mama vimeanza zamani, ila vingi huweka pesa kwa ajili ya vyombo na karo tu. Fanya hesabu ya kijiji chenye nyumba 60, kila nyumba shilingi 50 kwa mwezi. Hizo ni 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza mnanunua hema na viti, ambavyo pia mtavikodisha kwa arusi. Kuanzia wa pili mna pesa ya jeneza na gari. Kisajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, mfungue akaunti ya benki au ya Sacco, na watia saini wawe watatu, mmoja wao kijana. Kijiji chenye kikundi cha namna hiyo kina cha kumjibu mwenye spika akibisha.

Wapo watakaosema mkesha bila muziki ni baridi. Muziki uwepo. Kwaya ipo, na Wabukusu wana sanaa ya kumuse, ile hotuba ndefu ya kumtuliza mfiwa na kueleza ukoo ulikotoka, ambayo mjuzi wake husikilizwa na wakubwa kwa wadogo. Wazee wa Bungoma bado wanamtaja Manguliechi aliyesifika nayo. Kumuse hutolewa kwa mazishi ya mzee wa heshima, sio kila mtu, lakini hakuna anayewazuia wazee kusimulia habari za ukoo usiku wa mkesha wakiwa wamezungukwa na vijana. Mkiweka saa nne usiku kuwa mwisho wa nyimbo, na taa zikazunguka boma lote pamoja na njia ya choo na ya kisima, mmefanya zaidi ya polisi wawili wa doria. Taa za sola siku hizi zinaazimwa hata na majirani. Mpeni pia mtu mmoja, ikiwezekana senge, yaani shangazi, mwenye sauti, kazi ya kujua kila msichana aliyekuja kusaidia atalala wapi na atarudi kwao na nani. Aandike majina. Kazi za maji na vyombo ziishe saa kumi na mbili jioni. Sijawahi kuona kamati ya mazishi yenye mtu wa kazi hiyo, ilhali ya gari na ya ng'ombe zote zina wenyewe.

Wazazi, kumwambia mtoto "usiende" hakutoshi iwapo marehemu ni jamaa. Atakwenda, na akienda kwa kujificha atarudi kwa kujificha. Nenda naye, mkae hadi saa mbili, mrudi pamoja. Usimwombe mwendesha boda boda wa jirani akuletee. Wengi wao ni watu wema wanaolisha familia, ila msichana peke yake saa tano usiku juu ya pikipiki hana njia ya kuchagua pa kushukia.

Nawe dada unayesoma haya: wakikununua kwenye ule mchezo, kaa chini. Kaa kitako kando ya mama mtu mzima, hata humjui, umshike mkono. Hakuna maiti iliyowahi kukosa kuzikwa kwa sababu msichana alikaa. Shilingi zilizotupwa beseni ni za marehemu, hazina jina lako. Chipsi, soda na lifti ya bure ni vya kukataa mapema, kwa sababu ukishakula atakuambia umekula. Nendeni watatu na mrudi watatu, na mmoja akitoweka wawili wapige kelele papo hapo, wasisubiri asubuhi kwa kuogopa kumwaibisha.

Ikitokea msichana ameingiliwa, saa zinahesabiwa. Asioge, asibadilishe nguo zikafuliwa. Nguo zifungwe kwa gazeti au mfuko wa karatasi, si plastiki, maana plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Aende hospitali kwanza: ya rufaa ya kaunti Bungoma au Kitale, au hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72 na inamezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri ikimezwa mapema, na haifai kupita siku tano. Sheria inasema matibabu haya ni bure katika hospitali ya umma, hivyo ukiombwa pesa uliza kwa upole jina la anayeomba, na umwone msimamizi wa hospitali. Daktari atajaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watatoa fomu yao ya P3 ijazwe pia. Kama huna wa kukushika mkono, piga 116 kwa habari za mtoto au 1195 kwa dhuluma za kijinsia. Simu zote mbili ni za bure.

Baada ya hapo watakuja wazee. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu wazee hao ni wa kwetu. Watakuja na maneno mazuri, kwamba tusiharibu udugu, kijana atalipa ng'ombe mmoja, au atamwoa akimaliza shule. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiwapi mamlaka hayo. Kesi ya unajisi ni ya serikali, na uamuzi wa kuiacha hauko kwa baba wa msichana, kwa chifu wala kwa afisa wa kituo. Uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Adhabu yake ni kifungo cha maisha iwapo mtoto ana miaka 11 kushuka chini, kisichopungua miaka 20 akiwa na miaka 12 hadi 15, na kisichopungua 15 akiwa na 16 hadi 18. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba mahakama za chini hazina ruhusa ya kushuka chini ya viwango hivyo. Kwa hiyo mzee anayepokea ng'ombe anajiingiza mahali pabaya, na familia inayokubali inamwacha mwanamume yuleyule katika matanga ya mwezi ujao.

Wavulana hili linawahusu pia, na mara chache wanaambiwa mapema. Mvulana wa miaka 18 na msichana wa miaka 16 wanaweza kupendana kwa dhati, lakini ridhaa ya mtoto haihesabiki mahakamani, na kwa kawaida anayefikishwa kizimbani ni mvulana. Mwanya upo mmoja wa kuwaambia: tohara. Wabukusu hutahiri miaka ya shufwa, Agosti, na wiki kabla ya hapo wavulana huzunguka na njuga zao kualika jamaa, huku nyuma yao usiku kukifuata ngoma ambazo siku hizi hugeuka disko lilelile kwa jina jingine. Baada ya kutahiriwa kuna khubita, ile nafasi ya kuonywa na kufundishwa kuwa mtu mzima. Wazee huzungumzia mlango wa mtu, yaani mke wa mwenzako, ardhi, na kuheshimu wakwe. Waongeze umri wa miaka 18 na miaka ya jela, kwa maneno yasiyo na mafumbo. Kijana ambaye jana aliambiwa hadharani amekuwa mwanamume atalisikia hilo kuliko alivyolisikia darasani.

Na mimba ikishaingia? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wasichana 15 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba nchini Kenya. Pokot Magharibi, mwendo wa matatu moja kutoka Kitale, walikuwa 36. Kwa hiyo binti yako hayuko peke yake, na kumfukuza nyumbani kunamrudisha kwa aliyemharibu. Mpeleke kliniki mapema, maana mwili wa miaka 15 una hatari zake wakati wa kujifungua. Umri wake ukiwa chini ya 18, yale yote ya polisi niliyoyasema bado yanahusika, hata kama miezi imepita. Kisha mwone mwalimu mkuu. Tangu 1994 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na mwongozo wa 2020 unamruhusu asome akiwa mjamzito kadiri anavyoweza, arudi baada ya kujifungua, na akiona haya ahamishiwe shule nyingine. Usiende mikono mitupu kwa majadiliano hayo: nenda na ripoti zake za masomo na mtu mmoja wa bodi au wa kanisa, uombe jibu la maandishi. Mwalimu akisita, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo inayo nakala ya mwongozo. Kazi ngumu iko nyumbani, nani atabaki na mtoto mchana. Kukhu, yaani nyanya yake, akikubali, mengine hupangika. Asipokubali, tafuteni pesa ya mlezi katika kile kikundi cha nyumba 60, kwani hiyo nayo ni dharura ya kijiji.

Nimemwacha dijei mwisho, na sitaki afukuzwe kwa mawe. Kwa kawaida ni kijana wa miaka ishirini na kitu aliyemaliza kidato cha nne au kozi ya umeme, hakupata kazi, akanunua spika kwa mkopo, na mkopo unamkimbiza kila mwisho wa mwezi. Ukimnyima usiku, mpe mchana. Kamati inahitaji maikrofoni siku ya mazishi, kanisa linaihitaji Jumapili, shule inaihitaji siku ya michezo, na kikundi chenye hema na viti kinaweza kumkodisha pamoja navyo kwenye arusi. Mwandikieni mapatano kwenye karatasi moja: bei yake kwa siku, analipwa kutoka kwa mweka hazina na si kutoka kwenye beseni, hakuna mchezo wa kununua watu, na mitambo inazimwa saa kumi na mbili jioni. Apewe nusu anapofunga spika. Nusu ya pili aipate akishazifungua na kuzipakia, kabla giza halijaingia.